Koti la kopo: namna ya kulipima, kulikata na kulishona ili kinywaji kikae na baridi yake

Kopo la kinywaji likitoka kwenye friji huanza kutoa jasho hata kabla hujalifungua. Wengi hulipangusa jasho hilo kama kero ya mikono na meza, basi. Kumbe pale ndipo baridi inapopotelea. Mtu akitaka kutengeneza koti la kopo, yaani kile kifuko kinene cha mviringo kinachovishwa kopo lisipate moto upesi, swali lake la kwanza huwa ni unene wa sponji. Mimi humuuliza kwanza kama koti litabana. Koti jembamba linalobana hulishinda koti nene linalopwaya, na nililijua hilo kwa kukosea: la kwanza nililoshona lilikuwa nene, zuri kwa macho, na kopo lilizama ndani yake kwa raha. Nusu saa baadaye nilipolivuta kopo, maji yalimwagika kutoka ndani ya koti kama nimepindua kikombe.

Joto linaingilia wapi

Kabla ya kushika mkasi, elewa unapigana na nini. Jasho la kopo halivuji kutoka ndani. Ni mvuke ulioko hewani, ambao ukigusa kitu baridi hugeuka maji. Na mvuke haugeuki maji bure: kila gramu moja huachia karibu kilojuli 2.4 za joto, na joto hilo huachiwa palepale kwenye ukuta wa kopo. Kinywaji cha mililita 330 kinahitaji kilojuli 1.4 hivi kupanda nyuzi moja ya Selsiasi. Ukigawanya utaona kwamba gramu moja ya jasho, ambayo ni matone tu, inaweza kukipandisha kinywaji karibu nyuzi 1.7. Mwaka 2013, Dale Durran na Dargan Frierson, wanasayansi wa anga wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, walieleza jambo hili katika jarida la Physics Today: utando wa maji wenye unene wa milimita 0.1, ukilifunika kopo zima, unatosha kukipasha kinywaji nyuzi 5. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya koti ni kuuzuia mvuke usiguse alumini.

Kazi ya pili ni kuzuia joto la hewa na la kiganja. Alumini yenyewe haikusaidii chochote hapa. Ukuta wa kopo una unene wa takriban milimita 0.1, na alumini ni miongoni mwa metali zinazopitisha joto kwa kasi sana. Kinachochelewesha joto kwenye kopo lililo uchi ni ule utando mwembamba wa hewa tulivu unaolizunguka. Sponji ya mpira yenye unene wa milimita 5 huzuia joto takriban sawa na utando huo, kwa hiyo ukiiongeza, joto linaloingia hupungua hadi karibu nusu. Kila milimita unayoongeza baada ya hapo inakupa faida ndogo kuliko iliyotangulia, huku koti likizidi kuwa gumu kushika.

Sasa tazama unene kwa jicho la umande. Tuseme hewa ina nyuzi 30 na kopo lina nyuzi 5. Ukilivisha koti la milimita 5, uso wa nje wa koti utakuwa na nyuzi 18 hivi. Hewa ya nyuzi 30 iliyobeba nusu ya mvuke inaoweza kubeba huanza kudondosha maji ikigusa kitu cha nyuzi 18 kushuka chini. Maana yake milimita 5 inakuweka mpakani kabisa: koti litabaki kavu, au litapata unyevu kidogo mwanzoni kisha likauke kinywaji kinapopanda nyuzi mbili tatu. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 70, mpaka huo hupanda hadi nyuzi 24, na ili uso wa koti usiloe ungehitaji unene wa milimita 13. Kopo la kipenyo cha milimita 66 lingefikia 92, na kiganja cha kawaida hakilishiki vizuri. Ndiyo maana nashauri milimita 5, ukivuka sana 6, na kwenye hewa nzito ukubali kuwa nje patalowa kidogo. Maji yaliyo nje ya koti hayana madhara makubwa, kwa sababu karibu nusu ya joto lake hurudi hewani badala ya kupenya hadi kwenye kopo. Yaliyo ndani ndiyo yanayokuibia baridi.

Hatua ya kwanza: pima kopo lako, usiamini jina lake

Makopo yanafanana mpaka uyapange pamoja. Kopo pana la kawaida lina kipenyo cha milimita 66 hivi. La mililita 330 lina urefu wa takriban milimita 115, la 355 lina 122, na la 500 lina kipenyo kilekile ila urefu wake hufika 168. Kuna kopo refu jembamba la mililita 330 lenye kipenyo cha milimita 58 na urefu wa 146 hivi. Jembamba kabisa, la mililita 250, lina kipenyo cha milimita 53. Koti la kopo pana halifai kwa kopo jembamba hata ulivute vipi, kwa hiyo amua mapema unashonea lipi.

Usipime kipenyo kwa rula, utakosea. Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe katikati ya kopo lililojaa, ukaze, weka alama ya kalamu panapokutana, kisha unyooshe na kupima. Kopo la milimita 66 litakupa mzingo wa 207, la 58 litakupa 182, na la 53 litakupa 167 kasoro kidogo. Pima kopo lililojaa na ambalo halijafunguliwa, maana tupu hubonyea ukilikaza. Pima pia urefu, kuanzia mezani hadi ukingo wa juu wa kifuniko.

Hatua ya pili: kuchagua sponji

Ninayoipenda ni neopreni, mpira mwepesi uliojaa vipovu ambao hutumika kushonea nguo za wapiga mbizi. Hunyumbulika, haunywi maji, na mara nyingi huja ukiwa umebandikwa kitambaa laini upande mmoja au pande zote mbili. Huhitaji kununua kipande kipya: nguo ya mbizi iliyochanika, mfuko wa kompyuta mpakato uliochakaa, au pedi ya kipanya iliyo kubwa na nene vyote vinafaa. Pima unene kwanza, kwa sababu pedi nyingi za kipanya ni za milimita 2 au 3 tu.

Ukikosa neopreni, tafuta mkeka wa mazoezi wa sponji nyepesi isiyopenya maji. Sufu nzito iliyoshindiliwa huzuia joto vizuri inapokuwa kavu, na gome linalotengenezewa vizibo vya chupa pia, lakini vyote viwili havinyumbuliki kiasi cha kubana, kwa hiyo vina hesabu yake nitakayoieleza baadaye. Lile povu gumu jeupe linalofungiwa runinga huzuia joto kuliko vyote hivi, ila huvunjika, na kulichonga liwe duara safi ni kazi ya mtu mwenye subira kuliko mimi.

Jambo moja usilikubali: sponji ya kuoshea vyombo au ya godoro. Vitundu vyake vimeunganika, hivyo hunywa maji, na maji hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko sponji kavu. Koti lililolowa hadi ndani si koti tena. Kuna jaribio la sekunde tano: bana kipande mdomoni na upulize kwa nguvu. Pumzi ikipenya, kirudishe ulikokitoa. Isipopenya, vipovu vyake vimefungwa, nacho kinafaa.

Kuhusu rangi, kama kopo litakaa juani chagua nyeupe au rangi yoyote ya kung'aa kwa upande wa nje. Jua kali la mchana likilipiga kopo kwa ubavu huweza kulipelekea wati 8 hivi, kiasi kinachokaribiana na joto lote linaloingia kutoka kwenye hewa ya nyuzi 30 likiwa kivulini. Koti jeusi huyapokea yote hayo. Kivulini rangi ni suala la macho tu.

Hatua ya tatu: kiolezo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi. Ukishapata kiolezo sahihi, kushona ni saa moja.

Kosa la kawaida ni kuongeza. Mtu anapima mzingo wa 207, anasema moyoni "niongeze kidogo lisije likakataa kuingia", anakata 215, na tayari ameshona koti linalopwaya. Kwa neopreni usiongeze hata milimita. Kata urefu ulio sawasawa na mzingo wa kopo, 207 kwa 207. Kitu kinene kikikunjwa kuwa duara, mstari unaopita katikati ya unene wake ndio unaolingana na urefu uliokata. Kwa sponji ya milimita 5 kwenye kopo la 66, mstari huo unatakiwa kuwa na mzingo wa 223. Wewe umekata 207, kwa hiyo sponji italazimika kujinyoosha kama asilimia 8 kila inapovishwa kopo. Neopreni hunyooka hivyo bila malalamiko, na mnyooko huo ndio unaoleta mbano. Unene wenyewe umekufanyia kazi.

Ukitumia ya milimita 3, mnyooko ni asilimia 5 kasoro, na mbano ni mdogo zaidi. Hapo punguza milimita 4 au 5 kwenye urefu.

Upana wa kiolezo, ambao ndio utakuwa kimo cha koti, ni urefu wa kopo ukitoa milimita 12. Kwa kopo la 122 utapata 110. Kwa la 115 utapata 103. Hesabu hiyo tayari imeacha milimita 5 za kitako kitakachokaa ndani, na imeacha bega la kopo wazi ili midomo isiguse mpira unapokunywa. Usijaribiwe kulipandisha koti hadi ukingoni. Kopo huanza kupungua upana pale begani, na koti linalovuka hapo huacha uwazi mviringo unaokaribisha hewa.

Kisha ujanja mdogo: upande wa juu wa kiolezo uwe mfupi kuliko wa chini kwa milimita 4, yaani mbili kila mwisho. Mdomo wa koti ndio mlango wa mvuke, kwa hiyo ubane kidogo kuliko sehemu nyingine. Ukibana kila mahali kwa nguvu hiyo, kopo litakataa kuingia na utaishia kulichukia koti lako.

Kitako ni duara la kipenyo cha milimita 68 kwa kopo la 66. Nitaeleza kwa nini ni kubwa kidogo.

Chora vyote kwenye karatasi ya manila, vikate, uzungushe kiolezo kwenye kopo halisi. Miisho yake ikutane bila kupandana kwa upande wa chini, na iachane milimita 4 kwa juu. Ikiwa sivyo, rekebisha karatasi, si sponji.

Kwa nini kupwaya ni kubaya hivyo

Nimeulizwa mara nyingi: hewa si kizuizi kizuri cha joto? Basi nafasi ya hewa kati ya kopo na koti si faida? Ingekuwa faida kama hewa hiyo ingetulia na ingekuwa imefungiwa. Haitulii. Hewa iliyopoa huwa nzito na hushuka. Ikipata upenyo chini hutoka, na nafasi yake huchukuliwa na hewa mpya kutoka juu, yenye joto na mvuke wake. Koti linageuka bomba la kuliletea kopo mvuke mpya. Hata kitako kikiwa kimezibwa vizuri, kila ukiinamisha kopo kunywa hewa ya ndani hubadilishana na ya nje. Maji yaliyomwagika siku ile yalitokana na hivyo.

Hatua ya nne: kukata

Vuta sponji kwa urefu, kisha kwa upana, uone ni upande upi unaonyumbulika zaidi. Huo ndio uzunguke kopo. Bandika kiolezo kwa utepe, chora kwa kalamu ya fedha au chaki, kata kwa kisu chenye wembe mpya ukitumia rula ya chuma. Shika kisu wima kabisa, kwa sababu ukikilaza ukingo utakuwa mshazari na miisho miwili haitakutana vizuri. Pitisha kisu mara mbili au tatu kwa wepesi badala ya kukandamiza mara moja. Kwa kitako, mkasi mkali unatosha.

Sponji ikiwa na kitambaa upande mmoja, panga kitambaa kiwe ndani. Mpira mtupu hung'ang'ania kopo lenye unyevu, na utakapolivisha utaona koti linajikunja badala ya kuteleza.

Hatua ya tano: kuunga ubavu

Unganisha ukingo kwa ukingo, usipandishe kipande kimoja juu ya kingine, na usishone ule mshono wa nguo unaoacha masalia ndani. Masalia hayo huwa tuta linaloliinua koti kutoka kwenye kopo, na pembeni mwa tuta kunabaki mfereji wa hewa kuanzia mdomoni hadi chini. Umeziba mlango ukaacha dirisha.

Gundi ya viatu ndiyo inayofaa, ile ya njano anayotumia fundi viatu. Paka utando mwembamba kwenye kingo zote mbili, acha hadi ukigusa kwa kidole isishike, kwa kawaida dakika kumi hivi, paka mara ya pili, subiri tena, ndipo ukutanishe. Anza katikati, kisha miisho, kisha jaza zilizobaki. Ikishashikana haisogei, kwa hiyo lenga vizuri. Bana kwa vidole dakika moja, uiache usiku kucha. Fanya kazi hii penye hewa ya kutosha, mbali na moto.

Gundi peke yake itaachia siku moja, hasa pale mdomoni. Ongeza mshono. Kwa cherehani tumia mshono wa zigizaga mpana unaokamata pande zote mbili za kiungo, mguu wa cherehani ukilegezwa, na ushone kabla sponji haijawa duara kamili, yaani ukiwa umelaza kiungo bapa. Ukishona kwa mkono, pitisha sindano nusu ya unene tu kutoka nje, usiitoboe hadi ndani: unaingia ukutani, unatokea kwenye ukingo, unaingia ukingo wa pili, unatokea juu. Mshono wa namna hii hauachi tundu la kupitisha maji. Uzi uwe wa poliesta, kwani wa pamba hunywa maji na kuoza. Mdomoni rudia mishono mitatu au minne mahali pamoja.

Ukingo wa mdomo usiupinde. Upindo unaongeza unene pale vidole na midomo inapokaribia, na hauzuii chochote kwa kuwa neopreni haichanuki nyuzi.

Hatua ya sita: kitako

Geuza kopo la alumini ulitazame chini. Limebonyea kwa ndani kama bakuli na linasimama kwa pete nyembamba tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kitako chake haigusi meza. Joto linalopanda kutoka mezani ni dogo. Kitako cha koti kinawekwa hasa kuziba njia ya hewa baridi inayotaka kutoka kwa chini, na kuzuia kopo lisidumbukie.

Duara la 68 linaingia ndani ya mrija, yaani ule ukuta wa koti uliokwisha kuunga, halikai chini yake. Kwa kuwa ni kubwa kuliko uwazi, mrija unalikumbatia. Paka gundi ukingo wa duara na sentimita moja ya chini ya ukuta wa ndani, subiri ikauke kwa kugusa, kisha sukuma duara hadi liwe sawa na ukingo wa chini. Shona kwa nje mzunguko mmoja.

Katikati ya kitako toboa tundu moja la milimita 5 au 6. Bila tundu, koti linalobana sawasawa huwa kama bomba la sindano: kopo halizami kwa sababu hewa haina pa kutokea, na ukilivuta linafyonza. Tundu moja dogo linatosha. Nimeona makoti yenye tundu la kupitisha kidole gumba, ati maji yatoke. Maji hayangekuwepo kama tundu lisingekuwa kubwa hivyo.

Kifuniko cha juu sikushauri. Uso wa juu wa kopo una eneo la sentimita za mraba 23 hivi, ubavu una zaidi ya 250. Hata ukizuia joto lote la juu hutahisi tofauti kubwa, na kila ukinywa itabidi ukivue.

Hatua ya saba: lijaribu kabla ya kujisifu

Jaribio la kwanza ni la mkono. Valisha koti kopo lililojaa na lililofungwa, lipindue juu chini ukishika koti peke yake, litikise mara moja juu ya kitu laini. Likidondoka, linapwaya. Likihitaji watu wawili kulivua, umebana mno. Liache siku mbili likiwa na kopo ndani kabla ya kulilaani, maana neopreni mpya hulegea kidogo.

Jaribio la pili ni la mizani. Chukua makopo mawili matupu yanayofanana, yajaze maji sawasawa, yalaze kwenye friji usiku mmoja. Kesho yake toa yote mawili, moja livishe koti, kila moja liweke kwenye kisahani chake ili matone yasipotee, na pima kila kopo pamoja na kisahani kwenye mizani ya jikoni. Baada ya dakika 30 pima tena. Uzito ulioongezeka ni jasho. Kumbuka kile kiwango cha nyuzi 1.7 kwa gramu, utajua papo hapo kila kopo limeweza kupotezewa baridi hadi kiasi gani na mvuke peke yake. Kisha koroga maji na upime joto kwa kipimajoto.

Mwisho livue koti na ulisome kwa karatasi laini kavu. Maji yakiwa juu tu, mdomo unapwaya. Yakiwa chini, kagua mshono wa kitako na ukubwa wa tundu. Mstari wa maji ukishuka kwa ubavu, kiungo kimeachia au kina tuta. Ndani kukiwa kavu na nje kumelowa, koti halina kosa, hewa ya siku hiyo ni nzito.

Mdomo unaopwaya unarekebishika bila kufumua: kata kabari nyembamba yenye upana wa milimita 4 juu na urefu wa sentimita 3, mkabala na kiungo, ufunge kwa gundi na mshono uleule.

Ukitumia sufu au gome la vizibo

Hapa sheria ya kutoongeza haifai, kwa kuwa vitu hivi havijinyooshi. Chukua kipenyo cha kopo, ongeza unene wa kitambaa, kisha zidisha kwa 3.14. Kwa kopo la 66 na sufu ya milimita 5 ni 71 mara 3.14, sawa na 223. Ongeza milimita 1 ili kopo liingie. Koti la hivi litapwaya kidogo tu, kwa hiyo lipatie mdomo unaobana: pete ya neopreni au ya mpira wa kiunoni yenye upana wa milimita 15, iliyokatwa fupi kuliko mzingo wa kopo kwa asilimia 5, ishonwe kwa ndani juu kabisa. Sufu ipake nta kidogo kwa nje au uivishe kitambaa kisichopitisha maji, ikilowa hupoteza kazi yake.

Kuna pia koti bapa la kukunjika linaloingia mfukoni: kipande kimoja kinakunjwa katikati, kinashonwa pembeni mbili. Ni rahisi, ila pembe zake za chini huacha mianya. Kwa kinywaji kitakachoisha ndani ya robo saa halina ubaya.

Kulitumia na kulitunza

Koti halipozi, linachelewesha tu. Ukilivisha kopo la moto ukaliweka kwenye friji, litachelewesha kupoa vilevile, kwa hiyo vua. Kulilaza koti lenyewe kwenye barafu nako ni kazi bure: sponji yote ina uzito wa gramu 20 na kitu, na joto inalolibebea kopo halifiki hata nyuzi moja. Zaidi utalitoa likiwa limeshika unyevu. Cha maana ni kulifuta kopo likauke kabla ya kulivisha, kwa sababu maji unayoyafungia ndani hulowesha mshono na huleta harufu.

Lioshe kwa mkono na sabuni kidogo, ligeuze ndani nje, lianike kivulini. Jua na joto huukausha mpira hadi ukapasuka kwenye kingo. Ukiona mdomo umeanza kulegea baada ya miezi mingi, usilitupe: kata milimita 10 za juu, bana tena kwa kabari, nalo litakufaa kwa kopo fupi.